MAJERUHI WA BARABARANI NA HAKI YA FIDIA NCHINI KENYA

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, magharibi mwa Kenya, lori lililobeba kontena liliacha njia na kuvamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Walikuwapo hapo wachuuzi, waendesha pikipiki za kukodi, na abiria waliokuwa wakingoja usafiri. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Miongoni mwa waliokufa na walioumia walikuwamo watu ambao hawakuwa wamepanda chombo chochote; walikuwa mbele ya biashara zao, wakitafuta riziki ya siku hiyo kama walivyozoea.

Nchi nzima iliomboleza, na salamu za rambirambi zilitoka pande zote za Afrika ya Mashariki. Lakini baada ya mazishi hubaki swali ambalo mara chache husikika katika hotuba. Mchuuzi aliyevunjika mguu akiwa amekaa chini, ambaye hakukata tiketi wala hakufunga mkataba na mtu yeyote, atalipwa na nani? Mjane atasomesha watoto kwa fedha za nani?

Swali hilo si dogo. Katika kila mmoja wa miaka minne kuanzia 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote katika hao lilikuwa la waendao kwa miguu. Wala si swali la Wakenya peke yao. Kila siku mabasi na malori huvuka Namanga, Holili, Horohoro na Sirari, na Mtanzania anayekwenda Nairobi kufanya biashara, kutibiwa au kuwaona ndugu zake huwa chini ya sheria za Kenya tangu gari linapovuka mpaka. Akiumia huko, sheria itakayopima maumivu yake ni ya huko.

Msingi wa sheria hiyo ni wa zamani. Mwaka 1930 Bunge la Uingereza lilimlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya madhara yatakayompata mtu mwingine, kwa sababu iligundulika kwamba majeruhi wengi walikuwa wakishinda kesi na kuambulia patupu. Dereva hakuwa na kitu, na hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu. Wazo hilo lililetwa katika makoloni, na Kenya ilipata sheria yake mwaka 1945. Sheria hiyo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ndiyo inayotumika hata leo kwa jina la Sura ya 405. Inakataza kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na inaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu ya mahakama hata pale ambapo kampuni yenyewe inagombana na mteja wake. Aliyekusudiwa kulindwa hapa ni mgeni asiyejulikana, yule aliyekuwa akivuka barabara.

Kwa maandishi, hiyo ni ahadi kubwa. Katika utekelezaji, ahadi hiyo hupita katika mlango mwembamba, na mlango wenyewe hufunguliwa au kufungwa katika siku chache za mwanzo, wakati majeruhi hana hata nguvu ya kuuliza jina lake limeandikwa wapi.

Inafaa kuanza na mwili wenyewe. Mtu aliyetupwa na gari huweza kusimama, akajipangusa vumbi na kusema hana neno. Mshtuko huficha maumivu. Damu inayovuja tumboni haionekani kwa macho. Aliyepigwa kichwa aweza kuzungumza vizuri saa za mwanzo, kisha akasinzia na kupoteza fahamu kwa sababu damu inakusanyika ndani ya fuvu. Shingo iliyotikiswa huanza kuuma siku ya pili au ya tatu. Wasamaria wema nao, kwa haraka ya kusaidia, humbeba majeruhi mikono na miguu na kumtupia nyuma ya gari. Akiwa amevunjika uti wa mgongo, safari hiyo yaweza kumfanya kiwete wa maisha. Ndiyo maana madaktari husisitiza mambo mawili: majeruhi ahamishwe akiwa amenyooshwa na shingo yake imeshikiliwa, isipokuwa kama kuna hatari ya moto au ya kugongwa tena, na kila aliyekuwamo katika ajali apimwe siku hiyohiyo, hata kama anatembea.

Shauri hilo la daktari ni shauri la wakili pia. Majeruhi aliyekwenda nyumbani akanywa dawa za kutuliza maumivu, kisha akaenda hospitali baada ya wiki tatu, atakutana na swali moja mahakamani: ni nani ajuaye kwamba hakuanguka shambani? Kadi ya hospitali yenye tarehe ya ajali hujibu swali hilo kuliko mashahidi kumi.

Baada ya hospitali ni kituo cha polisi. Nchini Kenya ajali huandikwa kwanza katika daftari la matukio la kituo, na kila tukio hupewa namba. Kutokana na daftari hilo polisi hutoa hati fupi ambayo Wakenya huiita abstrakti, inayotaja tarehe, mahali, namba za magari, majina ya madereva, kampuni ya bima, na majina ya walioumia. Majeruhi hupewa pia fomu iitwayo P3, ambayo daktari huijaza kueleza aina ya majeraha. Kazi yake inalingana na ile ya PF3 inayofahamika sana Tanzania, ingawa moja haiwezi kusimama mahali pa nyingine.

Hapo ndipo penye mtego. Katika ajali ya basi lenye abiria wengi, polisi huandika majina ya wale waliowakuta. Aliyekimbizwa hospitali na teksi kabla polisi hawajafika aweza asiwe katika orodha. Miezi sita baadaye atakapodai, kampuni ya bima itasema hakuwa abiria. Na haitasema hivyo kwa ubishi mtupu, kwa maana makampuni yamepata kuona abiria wa uongo, watu waliojiongeza katika orodha baada ya ajali ambayo hawakuiona hata kwa mbali. Udanganyifu huo umekuwa mkubwa kiasi cha kuundwa kitengo maalumu cha polisi cha kuchunguza makosa ya bima. Hasara ya udanganyifu huo humwangukia majeruhi wa kweli, ambaye sasa hutazamwa kama mshukiwa mpaka athibitishe vinginevyo. Tiketi ya basi iliyokunjwa na kusahaulika mfukoni huwa siku hiyo na thamani kuliko nauli yake mara elfu.

Hatua inayofuata ni kumjua wa kushtaki. Namba ya gari ndiyo ufunguo. Kwa namba hiyo wakili huomba kumbukumbu za usajili, na sheria ya barabara ya Kenya inasema kwamba aliyeandikishwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe kwamba siye. Kifungu hicho kina manufaa makubwa katika nchi ambamo magari huuzwa kwa mapatano ya mkono na jina katika kadi hubaki la mwenye zamani kwa miaka. Lakini gari lililogonga na kukimbia usiku, namba isijulikane, halina mwenyewe wala bima mbele ya mahakama. Kesi haiwezi kufunguliwa dhidi ya taa nyekundu mbili zilizopotea gizani.

Aidha, majeruhi hana budi kuthibitisha kosa. Sheria ya Kenya, kama ilivyo ya Tanzania na ya Uganda, zote zikiwa zimerithiwa kwa Waingereza, haimlipi mtu kwa sababu tu ameumia. Humlipa kwa sababu ameumizwa na uzembe wa mwingine. Dereva akipatikana na hatia katika kesi ya jinai ya barabarani, hukumu hiyo humsaidia sana majeruhi, kwani sheria ya ushahidi huichukua kuwa uthibitisho kamili wa kosa hilo. Hata hivyo mdaiwa bado aweza kusema kwamba majeruhi naye alichangia: alivuka bila kutazama, alikuwa amelewa, hakufunga mkanda. Hakimu hugawa lawama. Aliyestahili shilingi 1,000,000 akaonekana amechangia sehemu 20 katika 100, atapokea 800,000.

Mikanda yenyewe ina historia yake. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni zilizoanza kusimamiwa tarehe 1 Februari 2004: kila matatu iwe na mikanda, na iwe na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Wenye magari waliteta, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini siku za mwanzo, lakini kanuni zilisimama. Tangu hapo abiria asiyefunga mkanda ambao ulikuwapo huweza kuulizwa swali gumu mahakamani.

Yafuatayo ni mambo yanayowapotezea watu haki zao kimyakimya, na yanastahili kuelezwa kwa utulivu.

La kwanza ni muda. Kesi ya madhara ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Miaka mitatu huonekana mingi kwa mtu mzima wa afya. Kwa aliyelala hospitali miezi minane, akauza ng'ombe, akarudi tena kutolewa vyuma mguuni, hupita kama wiki. Tena kama gari lililogonga ni la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Si haki kwamba mtu aliyegongwa na gari la umma apewe theluthi ya muda anaopewa aliyegongwa na gari la mchuuzi, na wanasheria wengi wameipinga tofauti hiyo. Lakini mpaka itakapofutwa ndiyo sheria, na kutoijua si kinga.

La pili ni taarifa kwa kampuni ya bima. Kesi hufunguliwa dhidi ya mwenye gari na dereva. Kampuni si mdaiwa. Ili kampuni ibanwe kulipa hukumu, lazima iwe imejulishwa juu ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ikisahauliwa, majeruhi aweza kushinda kesi yake yote na kujikuta na hukumu dhidi ya dereva ambaye amekwisha kuhamia mji mwingine. Na hata ikiwa imepelekwa, kampuni isipolipa kwa hiari, majeruhi hulazimika kufungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, kuiomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Mtu mmoja, mguu mmoja uliovunjika, kesi mbili.

La tatu ni nani asiyehusika kabisa na bima hiyo. Bima ya lazima humlinda mpita njia, na humlinda abiria aliyelipa nauli katika gari la abiria. Haimhusu kwa lazima mtu aliyepewa lifti. Wakulima wanaopanda juu ya magunia katika lori la kwenda sokoni, waombolezaji wanaojaa nyuma ya pikapu kwenda mazishini, wote hao wako nje ya ulinzi wa lazima wa sheria. Wakiumia, tegemeo lao ni mfuko wa mwenye gari. Dereva aliyeajiriwa na utingo wake nao hawamo, maana wao huelekezwa kwenye Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Ni jambo la kusikitisha kwamba wanaopanda malori kwa kukosa nauli ndio haohao ambao sheria imewaacha nje, lakini ndivyo kifungu kisemavyo.

Sasa kuhusu kiasi. Mahakama za Kenya hupima fidia kwa mafungu. Fungu moja ni gharama zilizotumika: dawa, hospitali, nauli za kwenda kutibiwa, magongo. Hizo hutajwa moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Asiye na stakabadhi hana fungu hilo, hata kama hakimu mwenyewe anaona wazi kwamba mtu hakutibiwa bure. Fungu jingine ni la maumivu, mateso na ulemavu, na hilo halina stakabadhi. Hakimu hutazama majeraha yaliyofanana katika kesi zilizotangulia, hutazama thamani ya shilingi ilivyoporomoka tangu hapo, kisha huamua. Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba fidia zisipite kiasi ambacho uchumi wa nchi unaweza kukimudu, kwa sababu malipo makubwa kupita kiasi hupandisha bei ya bima, na mwisho mzigo huo hurudi kwa wananchi katika nauli. Hoja hiyo ina ukweli wake. Msikilizaji aweza kuongeza kwamba mguu wa maskini nao una uchumi wake.

Kwa waliofariki, wategemezi hudai walichopoteza. Hesabu yake ni hii. Mtu wa miaka 35 alikuwa akipata shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000. Mahakama hukadiria kwamba theluthi moja alitumia mwenyewe na theluthi mbili, yaani 240,000, zilikwenda kwa mke na watoto. Ikionekana angefanya kazi miaka 20 zaidi, jumla ni shilingi 4,800,000. Lakini sheria imeweka kikomo: bima ya lazima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Shilingi 1,800,000 zilizobaki hudaiwa kwa mwenye gari, kama anazo.

Na hapo ni kwa mtu mwenye hati ya mshahara. Mkulima mwenye nusu eka ya chai na ng'ombe wawili hana hati. Mchuuzi wa nyanya hana hati. Zamani madai yao yalianguka kwa kukosa karatasi. Siku hizi mahakimu wengi hutumia kima cha chini cha mshahara cha Serikali, au hukadiria jumla moja kwa kutazama hali yote ya familia. Hatua hiyo imewaokoa wajane wengi, japokuwa bado humpima mwanamke aliyelea familia nzima kwa kipimo cha kibarua wa siku. Wanaodai kwa niaba ya marehemu hutakiwa pia kuwa na barua za usimamizi wa mirathi, na ndugu wanaogombania mirathi hujikuta muda wa sheria unawapita wakiwa bado kwenye mabishano ya nyumbani.

Mageuzi ya miaka ya karibuni yameleta nafuu. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha, yaweza kusikilizwa huko, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Kwa aliyeteguka mkono au aliyevunjika mfupa mmoja ukaunga vizuri, hiyo ni tofauti kati ya kulipwa akiwa bado anaijua njia ya mahakamani na kulipwa mwanawe.

Lakini kati ya kitanda cha hospitali na mahakama husimama watu wa katikati. Madalali wa kesi huwahi wodini kuliko hata jamaa. Huja na fomu, huja na maneno matamu, wakati mwingine na fedha kidogo za chakula, na majeruhi hutia dole gumba akiwa bado na dawa ya usingizi kichwani. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza utafutaji wa kesi wa namna hiyo. Sheria hiyohiyo inabatilisha mapatano ambayo wakili hununua sehemu ya dai, au hulipwa pale tu kesi inaposhinda. Anayemwambia majeruhi kwamba nusu ya fidia itakuwa ya wakili anamtajia mapatano ambayo hayana nguvu mahakamani. Upande wa pili wako maofisa wanaokuja na hundi ndogo na hati ya kumaliza madai. Hati hiyo ikitiwa sahihi, dai limekufa, hata kama mwezi ujao daktari ataona kwamba nyonga haikuunga. Malipo ya haraka si mabaya kwa kila mtu. Kwa jeraha lililokwisha kupona yaweza kuwa bora kuliko kesi. Ubaya ni kutia sahihi kabla ya kujua jeraha litaishia wapi.

Na yote hayo yakienda sawa, bado kampuni yenyewe lazima iwe hai. Kenya imepata pigo hili zaidi ya mara moja. Shirika la bima la taifa, Kenya National Assurance, lilifungwa mwaka 1996. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na bima za matatu na mabasi mengi, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Malipo yalisimamishwa, maelfu ya hukumu zikabaki katika makabati. Wenye matatu ambao walikuwa wamelipa bima zao kwa uaminifu wakajikuta madalali wa mahakama wako mlangoni kuchukua magari yao, kwa sababu deni la hukumu ni lao kwanza. Mfuko wa kuwafidia wenye bima uliundwa, lakini kikomo chake cha shilingi 250,000 kwa mdai mmoja kilikuwa tone kwa aliyepewa hukumu ya milioni mbili. Biashara ya kukinga matatu imekuwa ikikimbiwa na makampuni makubwa, na yale madogo yanayobaki huuza kwa bei ya chini ambayo haitoshi kulipia ajali zinazotokea. Abiria anapoingia ndani ya matatu huweza kuona cheti cha bima kimebandikwa kiooni. Hawezi kuona hazina ya kampuni iliyokitoa.

Kwa msafiri wa kutoka nchi jirani kuna karatasi moja zaidi, nayo ni Kadi ya Njano. Mpango wake ulitokana na itifaki iliyotiwa sahihi mwaka 1986 chini ya Eneo la Biashara ya Upendeleo la Afrika ya Mashariki na Kusini, ambalo baadaye lilikuwa COMESA, na ulianza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huu, na kwa busara. Bima ya kawaida ya gari huishia mpakani. Mwenye gari anayevuka hununua Kadi ya Njano kwa kampuni yake ya nyumbani, na kadi hiyo huhesabiwa katika nchi aendako kana kwamba ni bima ya huko. Lori la Tanzania likimgonga mtu Machakos, majeruhi hana haja ya kuja Dar es Salaam; dai hupelekwa kwa ofisi ya taifa ya mpango huo nchini Kenya, ambayo ni Kenya Reinsurance Corporation, na hushughulikiwa kwa sheria za Kenya. Ofisi hiyo hurejeshewa fedha na upande wa kampuni iliyotoa kadi. Matatu ya Kenya ikimgonga mtu Longido, kazi hiyo kwa Tanzania ni ya Shirika la Bima la Taifa, NIC. Kadi hulipia pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lenyewe, kwa kiasi kilichowekwa.

Kwa hiyo namba ya Kadi ya Njano ya gari la kigeni ni ya kuandikwa katika hati ya polisi pamoja na namba ya gari. Na Mtanzania aliyeumia Kenya, kama afya inaruhusu, asirudi nyumbani bila abstrakti, P3 na kadi ya hospitali. Ushahidi hubaki ajali ilikotokea, na kuandikia kituo cha polisi cha mbali kuomba hati ya mwaka uliopita ni kazi ya kuchosha hata kwa wakili.

Tofauti za sheria zinaonekana zaidi anayesafiri anapoelekea magharibi. Nchini Uganda sheria ya bima ya mtu wa tatu ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 za Uganda kwa mtu mmoja. Wakati ilipotungwa kiasi hicho kilikuwa na uzito. Kwa kuporomoka kwa thamani ya fedha kimekuwa cha kulipia siku chache tu za hospitali ya binafsi. Nchini Rwanda mambo ni mengine kabisa. Kwanza, dereva wa Tanzania anayevuka Mto Kagera pale Rusumo huhama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na mpita njia aliyezoea kutazama kulia kwanza hutazama upande usio na gari. Pili, Rwanda ina mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa walioumizwa na gari lisilojulikana au lisilo na bima, na hata wale waliojeruhiwa na wanyama waliotoka katika mbuga za taifa. Yule mtu wa taa nyekundu zilizopotea gizani, ambaye Kenya hana wa kumshtaki, Rwanda ana mahali pa kupeleka karatasi zake.

Wabunge na wanasheria wa Kenya wamekuwa wakijadili marekebisho ya Sura ya 405 mara kwa mara, wenye bima wakitaka jedwali la malipo yaliyopangwa kwa kila kiungo, mawakili wakipinga kwamba mkono wa seremala na mkono wa karani hauwezi kuwa na bei moja. Wakati mjadala unaendelea, saa ya sheria haisimami. Kwa watu wazima walioumia Londiani jioni ile ya Juni 2023, muda wa miaka mitatu unaangukia mwisho wa Juni 2026. Kwa mtoto aliyejeruhiwa hapo, hesabu inaanza siku atakapotimiza miaka 18, na stakabadhi za hospitali zilizotunzwa na mzazi wake ndizo zitakazosomwa siku hiyo.